Daftari la Warudi Mwakani

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la kwanza, na ndiye anayeandikisha watoto wapya katika shule yetu. Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Watu wa hapa hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Mwalimu Sikio, na yeye anajua, ila ukimwita hivyo mbele yake utajuta. Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kinatazamana na lango la shule, kwa hiyo mambo ya pale nayaona yote na kuyasikia nusu. Hiyo nusu nyingine naletewa nyumbani, nipende nisipende.

Jina la Sikio lilitokana na uandikishaji. Watoto wengi wa huku hawana cheti cha kuzaliwa, na mzazi akiulizwa umri wa mwanawe anataja ule unaomfaa yeye. Mwenye mtoto mtundu atakuapia kwamba ana miaka saba, na mtoto bado ananyonya kidole. Basi walimu wa zamani walikuwa na kipimo chao, na mke wangu akakirithi. Mtoto anasimama wima, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto ametimiza umri. Visipogusa anaambiwa arudi mwakani, na jina lake linaandikwa kwenye daftari dogo ambalo juu ya jalada lake mke wangu ameandika, kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, Warudi Mwakani.

Nilishamwambia zamani kwamba kipimo hicho kina walakini. "Ukoo wetu una mikono mifupi," nilimwambia. "Mimi ningepimwa na wewe ningeanza shule nina ndevu." Akanijibu kwamba wazazi wanadanganya, karatasi zinadanganya, lakini mkono haujui kudanganya. Akageuka kuendelea na kupepeta mchele, na mimi najua maana ya mgongo ule. Mazungumzo yamefungwa.

Mwanzoni mwa mwaka ukaja waraka. Shule yoyote ambayo siku ya kuhesabu itakuwa na wanafunzi chini ya mia na tano itafungwa, na watoto wake wahamie shule jirani. Shule jirani yenyewe iko ng'ambo ya bonde. Mtu mzima mwenye haraka anakwenda saa moja na nusu kwa miguu, mvua isiponyesha. Aliyeandika hilo neno "jirani" hajawahi kuvuka bonde lile, na natamani siku moja aletwe avuke akiwa na miguu ya mtoto wa miaka sita na mkoba mgongoni. Kila mtu hapa alijua kitakachotokea. Wakubwa wachache wangekwenda na wadogo wangebaki nyumbani, na hiyo ndiyo ingekuwa shule yao. Siku ya kuhesabu ilikuwa wiki sita mbele.

Siku waraka ulipofika nilikuwa uani kwa shule nikikaza mnyororo wa baiskeli ya mwalimu mkuu. Ni mtu mpole, amebakiza miaka miwili astaafu, na karatasi yenye mhuri humtoa jasho. Alimwita mke wangu barazani akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hali si mbaya, maana rejista ina majina mia na saba.

"Majina," mke wangu akasema. "Vichwa ni themanini na nane. Nimewahesabu jana."

"Hao wengine wamehama tu, mwalimu. Hawajafa. Tukiwaacha kwenye rejista mpaka siku yenyewe ipite..."

"Na afisa akitaka kuwaona?"

"Tutasema wanaumwa."

"Watoto kumi na tisa kwa siku moja? Watakuja kutufunga kwa kipindupindu."

Nilicheka mpaka spana ikanidondoka. Mwalimu mkuu hakucheka. Mke wangu aliichukua rejista, akakaa kwenye ngazi, akayakata majina kumi na tisa kwa wino mwekundu na rula, moja baada ya jingine. Mwalimu mkuu alimtazama kama mtu anayetazama paa la nyumba yake likiezuliwa.

Alipomaliza akaja na rejista kibandani kwangu, kwa sababu meza yangu ni kubwa kuliko ya ofisini kwao. Akasukuma tairi zangu pembeni, akageuza kalenda ya mwaka uliopita, na upande wa nyuma akachora jedwali. Darasa la kwanza mpaka la saba, wavulana, wasichana, umri. Hiyo ndiyo fomu ambayo huijaza kila mwaka, lakini nadhani siku hiyo ndiyo aliyoisoma kwa mara ya kwanza. Wavulana hamsini na watano. Wasichana thelathini na watatu.

"Fundi," akaniita. Tangu watoto wetu wakue na kwenda zao, hilo ndilo jina langu. "Wasichana wako wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nyumba za hapa zina wasichana wengi kama wavulana. Nawaona kisimani. Hapa hawapo. Wako wapi?"

Alivuka barabara, akarudi amebeba madaftari ya Warudi Mwakani ya miaka sita, akaanza kulinganisha jina kwa jina na rejista. Mimi niliendelea na kazi yangu, huku namtazama kwa kuibia. Alikuwa amewarudisha watoto arobaini na watatu, wavulana ishirini na wawili na wasichana ishirini na mmoja. Karibu sawa kwa sawa, hata mtu asingemlaumu kwa upendeleo. Lakini wavulana kumi na watano walikuwa wameletwa tena wakapokelewa. Wasichana walioletwa tena wakapokelewa ni wanne.

Alihesabu mara ya pili, akapata vilevile. Mvulana akirudishwa, baba yake humleta tena, anamsukuma begani mpaka apokelewe. Msichana akirudishwa anapewa ndoo na mdogo wake wa kubeba, na mwakani inapofika, nyumbani wameshazoea kuwa naye. Nani atamwachia ndoo?

"Hawakupotea," mke wangu akasema. "Nimewarudisha mimi."

Akalia. Sijamwona akilia hivyo tangu msiba wa mama yake, na safari hii alilia ameshika kalamu. Nilikuwa na neno mdomoni, lile la "si nilikwambia", limefika kabisa kwenye meno. Nikalimeza. Katika mambo mema niliyofanya mwaka huu, hilo naliweka la kwanza.

Kesho yake alijifunga kibwebwe. Kengele ya kutoka ililia saa nane, na saa nane na robo alikuwa juu ya baiskeli, daftari kwenye kikapu, majina ishirini na manne ya kutafuta. Nilidhani atakwenda kwa ukali wake wa kawaida, awatishe wazazi na sheria. Hakwenda hivyo. Alifika mlangoni, akapiga hodi, akakaa alipokaribishwa, akasema, "Nimekuja kusema nilikosea." Nyumba ya kwanza neno hilo lilimtoka kwa shida kama mtu anayetoa mwiba. Kufika nyumba ya kumi alikuwa analisema kabla hata ya kuulizwa habari za nyumbani.

Si wote waliompokea kwa tabasamu. Baba mmoja, muuza mkaa, alimwacha akae juani makusudi kabla ya kumjibu. "Mwalimu, ulisema mwakani," akamwambia. "Mwakani wake umepita mara nne." Mke wangu akakubali kwamba umepita mara nne. Akauliza kama unaweza usipite mara ya tano. Yule baba akacheka, akamwita binti yake. Mama mwingine alisema binti amekuwa mkubwa, atawezaje kukaa na vitoto? Mke wangu alirudi kwake siku tatu mfululizo, na siku ya tatu yule mama akamwambia mchukue, mwalimu, usije ukanichakazia kizingiti.

Watano walikuwa wamehama. Wawili walikuwa wanasoma kwingine, na hao walimfurahisha sana hata kama hawakumsaidia. Kumi na sita walikubali, wasichana kumi na wawili na wavulana wanne, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe wote walikuwa wamekaa kwenye madawati, wengine magoti yamegusa mbao. Themanini na nane na kumi na sita ni mia na nne. Alibaki mmoja.

Huyo mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, binti wa mama anayeponda kokoto nyuma ya kilima. Katika yale madaftari jina lake lilitokea miaka mitatu mfululizo. Alirudishwa ana miaka sita, akarudishwa ana saba, akarudishwa ana minane. Mke wangu alishangaa mwenyewe. "Mkono gani wa miaka minane usiofika sikioni?" akaniuliza. Siku ya kwenda huko nilifuatana naye, kwa kuwa breki za ile baiskeli zilikuwa mbovu na sikuuamini mteremko.

Tulimkuta mama na binti wamekaa chini, kila mmoja na rundo lake la mawe. Binti alikuwa anapiga nyundo kwa mkono wa kushoto. Alipoinua macho akamtambua mke wangu, aliweka nyundo chini, akasimama, akajifuta vumbi kwenye gauni. Kisha, kabla hatujasema hata shikamoo wala marahaba, akasimama wima na kuinua mkono wa kulia. Mkono ulipanda mpaka usawa wa shavu, ukakwama. Alijikaza, uso ukamkunjamana. Mkono haukupanda zaidi.

"Shusha mkono, mwanangu," mke wangu akasema. Sauti yake sikuitambua.

Mama mtu hakuacha kuponda. "Bega liliteguka akiwa mchanga," akasema. "Likaunga hivyohivyo. Huo mkono haupandi, mwalimu, hata angefika miaka thelathini."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani unaona."

Mke wangu hakuona. Miaka mitatu alimsimamisha mtoto yule mbele yake, na kila mwaka aliangalia vidole na sikio tu. Wala hakuwahi kumwambia ajaribu mkono mwingine, kwa sababu kipimo kilisema wa kulia. Hiyo ndiyo shida ya mke wangu na ndiyo sifa yake pia, akishika utaratibu haachi. Alimwomba radhi mama, akamwomba radhi binti, akamwambia nafasi yake ipo, aje kesho.

"Nilikuja mara tatu," binti akasema. Hakusema kwa hasira. Alirudi kukaa akashika nyundo yake.

"Mimi simlazimishi," mama akasema. "Mara zote tatu nilimwogesha na kumsuka mwenyewe. Na mara zote tatu nilikaa naye alivyorudi analia. Ya nne sina nguvu nayo."

Kuanzia hapo kila siku baada ya kengele mke wangu alipanda kilima. Alikaa juu ya jiwe karibu na yule binti, akazungumza. Siku nyingine hakuzungumza, aliomba nyundo ya akiba akaponda, na alirudi nyumbani viganja vimetoka malengelenge. Alikuwa anamchorea herufi vumbini, binti anatazama kwa pembe ya jicho, kisha anazifuta kwa unyayo kama mtu asiye na habari. Siku moja alimwambia, "Mwalimu, si una kazi? Nenda." Alikwenda, na kesho akarudi.

Nikachoka kwa niaba yake. Nilimwambia aachane na yule, atafute mtoto mwingine wa mia na tano, familia ngeni haikosekani. Shule inakufa, yeye anaponda mawe.

"Unadhani namtafuta kwa sababu ya mia na tano?"

"Kwani kwa sababu ya nini?"

"Zamani kidogo ningekujibu ndiyo hiyo," akasema. "Sasa sijui, fundi. Namtaka, basi." Akaenda kuloweka mikono yake kwenye maji ya chumvi.

Siku ya kuhesabu afisa alifika saa nne asubuhi kwa pikipiki, kijana mwenye viatu safi na fomu za nakala tatu. Aliingia darasa kwa darasa, akahesabu. Mia na nne. Mke wangu akamwomba arudie, akarudia. Mia na nne. Mwalimu mkuu alikaa kwenye kiti cha barazani kama aliyemwagiwa maji. Nasikia alimnong'oneza afisa kwamba mmoja ni nini, kalamu inaweza kumteleza mtu. Mke wangu akasema hakuna kalamu itakayoteleza hapa.

"Pole sana, mwalimu," afisa akasema, na nadhani alimaanisha. "Waraka ndio waraka."

"Waraka unasema siku ya kuhesabu, au saa ya kuhesabu?"

Kijana akafungua mkoba, akasoma. Ilikuwa siku.

"Kengele yetu ni saa nane," mke wangu akasema. "Siku yetu haijaisha."

Afisa alisema ana shule nyingine mbili na hawezi kukaa. Akatoka akaenda kwenye pikipiki yake, akakuta tairi la nyuma limelala chini. Naapa sikuligusa. Barabara yetu ina miiba yake na haina ubaguzi. Aliisukuma mpaka kibandani kwangu, nikatoa mpira wa ndani, nikauzamisha kwenye beseni, na tundu nikaliona palepale, limetoa mapovu kama linaniita. Lakini kuliona tundu na kulitaja ni mambo mawili. Nikamwambia tatizo kama hili linataka subira. Nikaupima mpira upande huu na upande ule, nikaishuku valvu, nikaikuna, nikapaka gundi, nikasema gundi ya siku hizi haikauki upesi. Kijana wa watu akakaa kwenye benchi langu akanywa maji. Mke wangu angejua angenifukuza nyumbani, maana nimelikwepa neno la kweli kwa saa mbili na nusu bila aibu yoyote. Aibu sikuwa nayo, na leo pia sina.

Ilikuwa inakaribia saa saba nilipomwona yule binti akishuka barabarani. Alikuwa amemshika mkono mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka sita hivi, ameoshwa uso mpaka unang'aa, nywele zimesukwa asubuhi ileile.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

Walipita wakaingia langoni. Nikaiacha gundi ikauke yenyewe, nikawafuata. Afisa naye akainuka kutazama. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni kwa darasa lake, na binti alikwenda akasimama mbele yake.

"Mwalimu, huyu mdogo wangu," akasema. "Mkono wake unafika. Nimempima mwenyewe."

Akamgusa mdogo wake begani, na yule mtoto akapitisha mkono juu ya kichwa akashika sikio lake, anacheka, anaona ni mchezo. Mke wangu alifumba macho kidogo. Kisha akamshika mtoto mkono akamwambia inatosha, hapa watoto hawapimwi tena, akamwingiza ndani akamkalisha dawati la mbele.

Afisa akatoa kalamu. Alihesabu tena, na safari hii alihesabu kwa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa na furaha. "Mia na tano," akasema. "Imetimia. Njoo uweke saini, mwalimu." Mwalimu mkuu alijifuta uso kwa leso. Mimi nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni yeye tu, nikaghairi.

Yule binti alikuwa ameshageuka. Alikuwa nje ya lango, anarudi kilimani kwa hatua za mtu aliyemaliza alichotumwa.

"Saini inangoja, mwalimu," afisa akasema.

"Bado," mke wangu akasema, akatoka.

Alimfikia mbele ya kibanda changu. Mimi nilikuwa nimerudi nikijifanya nafunga tairi, kwa hiyo maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Mmeshatimia. Nimemsikia yule akisema."

"Tumetimia," mke wangu akasema. "Shule haifungwi tena. Leo sina haja na wewe hata kidogo kwa hesabu yao. Ndiyo maana nakuita sasa."

"Nitakaa na watoto wadogo."

"Utakaa nao. Watakucheka wiki ya kwanza, na mimi nitakuwepo."

"Na kokoto?"

"Nitakwenda kuzungumza na mama. Sasa hivi."

Binti akamtazama usoni, mara ya kwanza nadhani, akamtazama kama mtu anayepima umbali wa kuruka. Halafu akageuka, akapita langoni, akampita mwalimu mkuu, akampita afisa, akaingia darasani. Mke wangu hakungoja. Alichukua baiskeli yangu bila kuomba, akapanda kilima, na katika miaka ishirini na miwili ile ndiyo mara ya kwanza nimemwona akiliacha darasa lake kabla ya kengele.

Afisa alikuja kibandani na fomu yake mkononi, amechanganyikiwa kidogo. Akaniuliza mimi kama aandike mia na tano au mia na sita. Nikamwambia aingie darasani akahesabu.